Simu ya Picha Haipimi Presha

Mtu akitoka sokoni Kariakoo, akavuka Barabara ya Morogoro pale Fire na kuingia Upanga, hana safari ndefu kufika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Mwendo wenyewe ni kama kilomita mbili tu. Hakuna mto wa kuvuka wala kilima cha kupanda, na asiyetaka kutembea hakosi bodaboda. Walakini hapana shaka kwamba katika mitaa ya Swahili, Sikukuu, Kongo na Narung'ombe wamo ndugu zetu wengi wenye presha au kisukari ambao hawajaonana na mganga kwa miezi mingi, na wengine hata jina la dawa waliyoandikiwa wamekwisha kulisahau. Mkazi wa kijiji cha Kigoma akisema kwamba hospitali iko mbali, twamwelewa mara moja. Mkazi wa Kariakoo akisema maneno hayo hayo, twamcheka. Kumcheka huko ni makosa.

Umbali wa Kariakoo hupimwa kwa siku ya kazi. Hamali hulipwa kwa mzigo aliobeba, na asiyebeba halipwi. Mama lishe huwasha moto kabla ya alfajiri, na asipouwasha siku moja wateja wake hula kwa jirani, na pengine hubaki huko huko. Mwuza mitumba aliyefunga meza yake asubuhi hukuta jioni meza ya mwingine imesimama mahali pake. Sasa mtu kama huyo akiambiwa aende kliniki, siku yake hugawanyika hivi: kuamka usiku ili awahi namba, kungoja faili, kungoja kupimwa, kungoja mganga, kungoja dawa. Maneno yenyewe na mganga huenda yakachukua dakika kumi. Mwenye mshahara wa mwezi huomba ruhusa kwa mkubwa wake, na mshahara haupungui. Kibarua humwomba ruhusa nani? Huiomba njaa ya watoto wake, na njaa hiyo haijapata kumpa mtu ruhusa.

Kwa sababu hiyo twaipokea kwa moyo mkunjufu habari ya mganga kuonana na mgonjwa kwa simu ya picha, ambayo wataalamu huiita tiba mtandao. Lakini kuipokea habari njema si kufumba macho. Wako watu waisemao habari hii kana kwamba simu ndiyo dawa, na wako mabwana wa makampuni ambao watafurahi sana wananchi wakiamini hivyo. Yafaa basi tuiangalie kwa makini, kwa upande wa wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu hasa, kwa kuwa hao ndio ambao jambo hili laweza kuwaokoa au kuwahadaa.

Tuanze na ukubwa wa shida. Mwaka 1989 Dakta Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walitangaza matokeo ya kuwapima watu wazima wa vijiji kadhaa vya Tanzania, wakaona kwamba wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 kwa mia. Mwaka 2012 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 mpaka 64. Safari hii wenye kisukari walikuwa 9 kwa mia, na wenye presha ya juu walikuwa karibu 26 kwa mia, yaani mtu mmoja katika kila wanne. Hesabu hizi mbili hazikufanywa kwa njia moja wala kwa watu wa umri mmoja, kwa hiyo hazilinganishwi kama shilingi na shilingi. Hata hivyo, hakuna asiyeona zimeelekea wapi.

Wakati Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Maadui waliotajwa walikuwa watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Maradhi yaliyokuwa katika mawazo ya kila mtu siku zile yalikuwa malaria, kifua kikuu, ukoma, ndui, na mimba zilizoharibika kwa kukosa mkunga. Hospitali na zahanati zikajengwa kwa kazi hiyo: mtu aja anaumwa, apewa sindano au vidonge, apona, arudi shambani. Presha haiendi hivyo. Mwenye presha haumwi. Huamka mzima, hubeba magunia, hucheka na wenzake, na dawa yake imo sandukuni kwa sababu wiki iliyopita alijisikia vyema akaona haina haja. Adui huyu hapigi kelele mpaka siku mtu anapoanguka na kiharusi mbele ya duka lake, mkono mmoja umekufa na mdomo umekwenda upande. Kisukari nacho huanza na kiu na kwenda haja mara nyingi, kisha kikachukua macho, figo au mguu. Figo zikisha kufa, mgonjwa hupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa juma, na hapo hata familia yenye duka zuri hujikuta inauza duka.

Kwa hiyo ugonjwa wa namna hii hautaki mganga mara moja kwa nguvu. Wamtaka mara nyingi kwa kidogo kidogo, miaka ishirini au thelathini. Hapa ndipo simu ya picha inapopata kazi ya maana.

Mganga amjuaye mgonjwa wake, aliyempima na kumwandikia dawa, aweza kufanya mengi bila ya kumwita Upanga. Aweza kumwambia ashike vidonge vyake mbele ya simu, akasoma mwenyewe jina na nguvu ya dawa, na pengine akagundua kwamba mgonjwa ameza dawa mbili za kazi moja kwa kuwa maduka mawili yalimwuzia kwa majina mawili. Aweza kuona insulini imewekwa wapi. Chupa iliyokwisha kufunguliwa hudumu kama majuma manne mahali pasipo na joto kali, lakini chumba cha bati cha mjini mchana si mahali pa namna hiyo. Mganga akiona chupa iko juu ya kabati chini ya bati, atamfundisha mgonjwa kuitia katika chungu cha udongo chenye maji, jambo ambalo asingelifahamu kama mgonjwa angeketi mbele yake kliniki na kujibu "naitunza vizuri". Aweza kuzungumza na mke au mume, ambaye ndiye atiaye chumvi katika mboga. Aweza kuona chakula chenyewe, na hili si dogo, maana mawaidha ya kliniki juu ya chakula mara nyingi hutolewa kana kwamba kila mtu ana jiko lake. Hamali wa Kariakoo hula anachopikiwa na mama lishe, wala hachagui mafuta ya kukaangia. Mganga akiliona sahani lile, huenda akaacha kumwambia habari za mboga asizoziweza, akamwambia apunguze chai ya sukari nyingi anayokunywa mara tano kwa siku.

Aweza pia kuuona mguu. Wenye kisukari hupoteza hisia za nyayo, wakachomwa na msumari au kuliwa na kiatu kibovu bila ya kusikia maumivu. Hapa Dar es Salaam Dakta Zulfiqarali Abbas amefanya kazi ya miaka mingi juu ya mguu wa kisukari, na funzo kubwa la kazi ya namna hiyo ni kwamba kidonda kinachoonwa mapema huponyeka, na kinachochelewa hukata mguu. Picha ya kidonda ikipelekwa siku ya pili badala ya mwezi wa pili, mguu waweza kubaki.

Sasa tuseme upande ambao wauzaji wa mashine hawapendi kuusema. Simu ya picha haipimi presha. Haipimi sukari, haipimi mkojo, wala haishiki mshipa wa mguu kujua kama damu yafika vidoleni. Uzi ule mwembamba wa kujaribu hisia za unyayo hauwezi kushikwa na mtu aliye Upanga na mguu uko Mtaa wa Aggrey. Mganga amwonaye mgonjwa wa presha katika kioo bila ya hesabu ya presha yake, anamsalimu tu.

Mwaka 2018 wataalamu wa Uingereza walitangaza matokeo ya majaribio juu ya watu zaidi ya 1,000 wenye presha isiyotulia. Wengine walitibiwa kama kawaida, wengine walijipima nyumbani wakaandika, na wengine walijipima na kupeleka hesabu zao kwa simu. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili ya waliojipima yalikuwa na presha ya chini kuliko wale wa kawaida. Jambo la kutazamwa hapo ni kwamba kazi ilifanywa na kipimo, na na mganga aliyekitumia kipimo hicho kubadili dawa. Kioo chenye uso wa mganga hakikuwamo.

Na kupima kwenyewe kuna adabu yake. Mtu ameteremsha gunia mgongoni, akakimbilia mashine ya duka la dawa, akasimama akapimwa, akaambiwa ana 170; hesabu hiyo haina maana. Lazima aketi kitako dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kimekaa sawa juu ya mkono mtupu. Ikisha kupimwa zaidi ya mara moja, kwa siku mbali mbali, na ikazidi 140 kwa 90, hapo kuna neno. Mashine hizi zauzwa pale pale Kariakoo, nzuri na mbovu pamoja, na mnunuzi hana njia ya kuzijua.

Ndiyo maana twasema kwamba swali kubwa la tiba mtandao ni nani aliyekaa upande wa mgonjwa. Na jambo hili si geni kwetu. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na waganga wapasuaji watatu, lilipeleka madaktari kwa ndege katika hospitali za mbali za Afrika Mashariki, na kisha likaziunganisha hospitali hizo kwa redio. Mganga wa Nairobi aliweza kutoa shauri kwa sababu upande wa pili wa redio alikuwapo mwuguzi aliyekwisha kumgusa mgonjwa, akajua joto lake na mapigo ya moyo wake.

Wazee wetu watakumbuka pia kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Redio ilizungumza na wananchi kama milioni mbili juu ya maji, mbu, kuhara na vyoo. Lakini wananchi hawakuachiwa redio peke yake. Walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyefundishwa na vitabu vyake mkononi. Wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kama redio ingalinguruma hewani bila ya vikundi vile, vyoo visingalichimbwa.

Nchi nyingine zimefikia ujuzi huo huo kwa njia zao. Katika jimbo la New Mexico huko Marekani, Dakta Sanjeev Arora alianza mwaka 2003 kuzungumza kwa video na wafanya kazi wa afya wa vijijini na magerezani juu ya homa ya ini ya aina ya C. Hakuwatibu wagonjwa wao; aliwafundisha wao kuwatibu, juma baada ya juma, mgonjwa mmoja mmoja akijadiliwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: waliopona katika kliniki ya chuo kikuu walikuwa 57.5 kwa mia, na waliopona katika mikono ya wale wa vijijini na magerezani walikuwa 58.2 kwa mia. India ilianzisha mpango wake wa Serikali uitwao eSanjeevani mwaka 2019. Huko mgonjwa wa kijijini huweza kuketi katika kituo chake cha afya pamoja na mfanya kazi wa afya, naye daktari yuko kwenye video mbali. Kufikia mwanzo wa mwaka 2023 mashauri yaliyotolewa kwa mpango huo, pamoja na yale ya watu waliopiga kutoka majumbani, yalikuwa yamepita milioni 100.

Jirani zetu wa Rwanda walipita njia nyingine, na kisa chao chafaa kusomwa na kila mtu atakayewekewa mkataba mezani. Mwaka 2016 kampuni ya Babylon ya Uingereza ilifungua huko huduma iliyoitwa Babyl. Ilifanya kazi hata kwa simu ndogo za vitufe, na watu zaidi ya milioni mbili waliandikishwa. Mwaka 2020 kukawa na mkataba wa miaka kumi na Serikali. Mwaka 2023 kampuni mama ikafilisika, na huduma ya Rwanda ikakoma. Waganga na wauguzi wa Rwanda hawakuwa na kosa. Walifanya kazi yao vizuri. Lakini funguo za nyumba zilikuwa mfukoni mwa mtu aliye ng'ambo, na alipoanguka alianguka nazo.

Hapa kwetu baadhi ya hospitali za mikoani zimekwisha kuunganishwa na Muhimbili na Taasisi ya Mifupa, MOI, kwa msaada wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili picha za eksirei zisomwe na mabingwa walio mbali. Hilo ni jema. Lakini picha ya eksirei husomwa mara moja ikaisha. Mgonjwa wa kisukari wa Gerezani hasomwi akaisha.

Tena kuna habari ya siri. Vyumba vya Kariakoo vimegawanywa kwa mbao na pazia. Anachosema mpangaji mmoja husikika vyumba vitatu. Mgonjwa akiulizwa na mganga kwenye simu kama nguvu zake za kiume zimepungua, swali ambalo mwenye kisukari hana budi kuulizwa, atajibu "hapana" kwa sababu jirani yuko macho. Mwenye duka atajibu hivyo hivyo mbele ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na hilo lawafunga wale watunzao kumbukumbu. Sheria haiwezi kuziba ukuta wa mbao. Kinachotakiwa ni chumba chenye mlango.

Wala tusisahau matapeli. Simu ile ile imletayo mganga humleta pia mtu aliyevaa koti jeupe la kukodi, asemaye kwamba mchanganyiko wake wa majani wamaliza kisukari kwa siku 21 na kwamba mgonjwa aache insulini. Mtoto mwenye kisukari akiachishwa insulini hafiki mbali. Baraza la Madaktari Tanganyika lina daftari la madaktari walioandikishwa. Kila anayetaka kuwatibu watu kwa simu na aonyeshe jina lake na namba yake ya daftari kabla ya kufungua kinywa, na asiye nayo achukuliwe kama tunavyomchukua mtu auzaye sumu.

Juu ya dawa tutasema machache, ingawa ndilo jambo zito. Mtu aishiye na virusi vya UKIMWI ambaye hali yake imetulia hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, bila ya malipo, na akipotea hutafutwa. Mpango huo ulijengwa kwa jasho na kwa fedha nyingi za wafadhili, nao umeonyesha kwamba ugonjwa wa maisha waweza kutunzwa bila ya kumshindisha mtu hospitali. Mwenye presha ananunua vidonge vya siku kumi, kwa kuwa fedha ya leo ndiyo ya leo, na akikosa hatafutwi na mtu. Mganga wa kwenye kioo akimwandikia dawa asizoweza kuzinunua, amempa karatasi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango. Wawakilishi wetu wanapaswa kuuliza, katika kanuni na vitita vyake, kama shauri la mganga kwa simu litalipiwa, kama kazi ya mwuguzi ya kupima italipiwa, na kama mwenye hali iliyotulia atapewa dawa za miezi mitatu kwa mara moja. Likilipiwa la kwanza bila ya hayo mawili, fedha za bima zitanunua maongezi.

Kariakoo ni jina lililotokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza, waliokusanywa kwa maelfu kubeba mizigo ya watu wengine, na ambao maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Wabeba mizigo wa leo bado wako pale pale. Mwaka 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24 katika mitaa hiyo, na maana yake ni kwamba wako watu wafanyao kazi usiku kucha. Kliniki za presha na kisukari kwa desturi hufanya kazi asubuhi.

Twashauri basi jambo la kujaribiwa, nalo si ghali. Pawepo chumba kimoja karibu na soko, chenye mlango na kiti cha kuegemea, chini ya uangalizi wa hospitali ya Serikali iliyo jirani, kama Mnazi Mmoja au Amana. Awemo mwuguzi mmoja wa kudumu, si wa zamu za kuhama hama, ili ajue sura za watu. Awe na mashine ya presha iliyokaguliwa, kipimo cha sukari pamoja na vijiti vyake vya kutosha, maana kipimo bila ya vijiti ni pambo. Awe na uzi wa kujaribu nyayo, na mizani. Chumba kifunguliwe alfajiri kabla ya magari ya mizigo, na tena baada ya magharibi. Mgonjwa aketi dakika zake tano, apimwe, avue viatu, kisha mwuguzi ndiye ampigie mganga kwa simu ya picha, wote watatu wakazungumza. Bando liwe la hospitali, wala asitozwe mgonjwa. Mwenye simu ya vitufe, mzee asiyejua kusoma, mgeni wa bara aliyefika juzi, wote wahudumiwe sawa, kwa kuwa kioo ni cha chumba.

Vyama vya wachuuzi na vya wafanya kazi vina watu wao katika kila mtaa, nao wanajua ni nani hakuonekana juma hili. Kazi ya kumfuata aliyepotea wanaiweza kuliko kompyuta yoyote, lakini waambiwe jina tu na siku ya miadi, wasiambiwe ugonjwa.

Na kila mgonjwa awe na daftari lake la karatasi, limeandikwa presha, sukari, dawa na tarehe, likae naye mwenyewe. Umeme hukatika, mtandao hupotea, na makampuni, kama tulivyoona, huanguka. Hamali akirudi kwao Singida kwa mavuno, mganga wa huko alifungue daftari hilo na kuendelea pale wa Dar es Salaam alipoishia.